Mtoto wa jirani akiugua tumbo, nani alaumiwe?

Kila siku kabla ya jua kuchomoza, maelfu ya akina mama wa mitaa ya Eastlands jijini Nairobi huwaacha watoto wao mikononi mwa watu wengine. Kuna wanaokimbilia Gikomba kuwahi mabunda ya mitumba yanapofunguliwa, kuna wanaotembea kwa miguu hadi viwandani, Industrial Area, na kuna wanaopanda matatu kwenda kufulia watu nguo katika mitaa ya wenye pesa. Mtoto hubaki na jirani, na nyanya yake, na yaya, ama katika chumba kimoja cha ploti kilichogeuzwa kituo cha kulelea watoto, ambacho wengi hukiita "bebi kea".

Mtoto huyo huachwa na mfuko mdogo. Ndani mna nepi, nguo za kubadilisha na kopo la chakula. Msomaji, ukiishi Kayole, Umoja, Dandora, Huruma ama Pipeline, bila shaka umewahi kusikia majirani wakirushiana maneno kwa ajili ya kopo hilo.

Ugomvi wenyewe huanza hivi. Mama anarudi jioni akiwa amechoka, anafungua mfuko na kukuta kopo limejaa vile vile alivyoliacha.

"Mama nanii, mbona mtoto hakula?"

"Alikula. Nilimpa chetu. Hicho chako nilikiona kama kimeanza kunuka."

Maneno hayo yanatosha. Mama anasikia kwamba ameitwa mchafu mbele ya ploti nzima. Mlezi naye, aliyempakulia mtoto wa mwenzake kutoka sufuria ya wanawe, anaona kweli shukrani ya punda ni mateke. Na usiku huo mtoto akianza kuharisha, kesho yake asubuhi swali litakuwa moja tu mlangoni: "Ulimpa nini mtoto wangu?"

Hili si jambo la kuchekea. Shirika la Afya Duniani (WHO) linasema maradhi ya kuharisha huua watoto zaidi ya 400,000 wenye umri wa chini ya miaka mitano kila mwaka ulimwenguni, na mengi yangeweza kuzuiwa kwa maji safi, usafi wa mikono na chakula salama. Isitoshe, mama akikosana na mlezi hana pa kumwacha mtoto, na asiye na pa kumwacha mtoto haendi kazini. Kwa anayelipwa kwa siku, ugomvi wa asubuhi moja ni chakula cha jioni kilichopotea.

Basi tuutazame ugomvi huu kwa makini, kwani mara nyingi pande zote mbili huwa na haki kidogo na makosa kidogo.

Saa ndizo huharibu chakula

Akina mama wengi huamini kwamba chakula walichokipika kwa mikono yao ndicho salama, na cha jirani ni cha kutiliwa shaka. Viini vya maradhi havijui nani alipika. Vinajua mambo mawili tu: joto na saa.

WHO linashauri kwamba chakula kilichopikwa kisikae katika joto la kawaida la nyumba kwa zaidi ya saa mbili. Kati ya nyuzi 5 na nyuzi 60 za sentigredi, viini huongezeka upesi mno. Chini ya nyuzi 5, kama ndani ya friji inayofanya kazi vyema, huzubaa. Juu ya nyuzi 60, havizaani.

Sasa piga hesabu. Mama amepika wali na maharagwe saa kumi na moja alfajiri. Ameutia kwenye kopo la plastiki ukiwa vuguvugu, akaufunika. Mtoto atakula saa saba mchana. Wali huo umekaa saa nane katika joto lile lile ambalo viini hulipenda. Mlezi aliyekataa kumlisha mtoto wali huo hakumdharau mtu. Amefanya jambo la busara.

Lakini naye mlezi asijisifu kabla ya kutazama sufuria yake. Ikiwa githeri aliyompa mtoto ilipikwa jana jioni, ikalala mezani usiku kucha na kupashwa moto kidogo tu mchana, basi amemtoa mtoto kwenye moshi akamtia motoni.

Wengi husema: "Nilikipasha moto, kwa hivyo hakina neno." Ni kweli kwamba moto mkali huua viini vingi, na chakula kinachopashwa kinapaswa kutokota na kutoa mvuke hadi katikati. Hata hivyo, kuna aina za viini ambazo huacha sumu ndani ya chakula, na sumu hiyo haiondolewi na moto wa jikoni. Aina moja hupenda wali uliolala. Nyingine hukaa puani, kwenye ngozi na kwenye vidonda vya mikono ya anayepika. Chakula kilichoachwa nje muda mrefu hakirudishwi usalama wake kwa kupashwa moto. Kimwagwe.

Je, mama asiye na friji afanye nini? Njia moja rahisi ni kutobeba chakula kilichopikwa. Mpe mlezi viazi viwili, yai, ndizi au kipande cha malenge, avipike mchana mtoto anapotaka kula. Ndizi mbivu na parachichi hazina haja ya kupikwa. Zibebe na maganda yake, zimenywe kwa mikono safi wakati wa kula. Uji unaweza kuwekwa katika thamosi iliyosuuzwa kwa maji yanayochemka, ukajazwa ukiwa moto sana na kufungwa mara moja.

Wazee wetu nao walikuwa na maarifa yao. Uji uliochachushwa huwa na uchachu ambao viini vingi vya kuharisha haviwezi kustawi ndani yake, jambo ambalo wanasayansi wamelithibitisha katika utafiti wa vyakula vya watoto hapa Afrika Mashariki. Lakini usiutie maji mabichi baada ya kuupika, kwani hapo umeuharibu.

Maziwa ya mama yaliyokamuliwa yanaweza kukaa hadi saa nne katika chumba kisicho na joto kali, na hadi siku nne ndani ya friji. Maziwa ya kopo yaliyokorogwa yasiponywewa katika saa mbili yamwagwe. Na yote mawili yanywewe kwa kikombe badala ya chupa yenye chuchu, ambayo ni vigumu kuisafisha vyema mahali penye uhaba wa maji.

Chakula cha mwisho si lazima kiwe mkosaji

Hapa ndipo majirani wengi hukosana bila sababu. Mtoto akiugua jioni, wote hufikiri juu ya alichokula mchana. Lakini kila ugonjwa una muda wake wa kujificha kabla ya kuonekana.

Sumu ya wali uliolala huleta kutapika kati ya nusu saa na saa sita. Salmonella, ambayo hupatikana zaidi katika mayai na kuku wasioiva, kwa kawaida hujitokeza kati ya saa sita na siku tatu. Kipindupindu kinaweza kuanza baada ya saa chache ama baada ya siku tano. Homa ya matumbo, yaani taifodi, huchukua wiki moja hadi tatu. Kwa hivyo mtoto mwenye taifodi leo huenda aliipata wiki mbili zilizopita, pengine katika maji ya nyumbani kwao wenyewe.

Tena si kila kuharisha kunatokana na chakula. Kirusi cha rota, ambacho kwa miaka mingi kimekuwa msababishi mkubwa wa kuharisha kukali kwa watoto wachanga, huenea kutoka mtoto mmoja hadi mwingine kupitia mikono, nepi na vitu vya kuchezea. Kenya ilianza kutoa chanjo yake kwa watoto wote mwezi wa Julai 2014. Chanjo hiyo hupunguza makali ya ugonjwa, lakini haimfanyi mtoto kinga ya kila kuharisha.

Basi kabla ya kwenda kugonga mlango wa jirani kwa hasira, jiulize: Watoto wengine waliokula chakula kile kile wako salama? Mtoto alikula nini jana na juzi? Kuna aliyeharisha nyumbani mwetu wiki hii? Nani alimbadilisha nepi, na alinawa mikono kwa sabuni kabla ya kushika kijiko? Ukiuliza maswali hayo pamoja na mlezi, mnaweza kupata jibu. Ukiyauliza kwa kelele, utapata adui.

Yale ambayo si makosa ya mama wala mlezi

Kuna hatari nyingine ambazo zimeingia nyumbani kabla ya mtu yeyote kuwasha jiko.

Ya kwanza ni maji. Kaloleni iliyojengwa katika miaka ya 1940, na Buruburu na Dandora za miaka ya 1970, zilipangwa kwa watu wachache kuliko wanaoishi Eastlands leo. Katika sehemu nyingi maji huja kwa zamu, nayo huwekwa kwenye mitungi ya lita 20 au kununuliwa kwa mikokoteni. Maji yaliyotoka safi kwenye bomba huchafuka katika mtungi usiosuguliwa, ama kwa kikombe kinachotumbukizwa na kila mkono. Maji ya kunywa ya mtoto yachemshwe hadi yatokote, au yatiwe dawa ya klorini kwa kipimo kilichoandikwa kwenye chupa na kuachwa nusu saa. Kisha yamiminwe, yasichotwe.

Ya pili ni unga. Mwaka 2004 watu 317 waliugua na 125 kati yao wakafa katika iliyokuwa Mkoa wa Mashariki, hasa Makueni na Kitui, baada ya kula mahindi yenye sumukuvu, yaani aflatoksini. Mnamo Novemba 2019, Shirika la Kukadiria Ubora wa Bidhaa Nchini (KEBS) lilipiga marufuku aina tano za unga wa mahindi kwa sababu ya sumu hiyo hiyo. Sumukuvu haiishi kwa kupika, na haionekani kwa macho. Hata hivyo, mahindi, unga au njugu zenye ukungu, harufu ya uvundo au ladha chungu zisipewe mtoto kabisa, wala kusagwa pamoja na nafaka nyingine eti "zisipotee". Unga wa uji uliochanganywa na njugu na nafaka za kila aina huharibika upesi. Nunua au saga kidogo kidogo, na uuhifadhi pakavu.

Ya tatu ni maziwa. Maziwa mabichi yanayouzwa kwa kipimo mtaani yanaweza kuwa na viini vya brusela na vingine vingi. Yachemshwe. Hata yale ya mashine, yajulikanayo kama "maziwa ya eitiemu", huweza kuchafuka katika chupa unayobebea, kwa hivyo yachemshe pia kabla ya kumpa mtoto mdogo.

Ya nne ni mboga. Ni jambo linalojulikana kwamba baadhi ya sukumawiki inayouzwa Nairobi hukuzwa kwa maji taka kandokando ya mito ya jiji. Ioshe kwa maji mengi safi kabla ya kuikata, kisha iivishe vyema. Kachumbari ya kibandani, iliyokatwa asubuhi na kukaa juani karibu na smoki na mayai, si ya mtoto mdogo hata kama analia kuitaka.

Chakula kizuri kinachodhuru

Wakati mwingine chakula ni safi, lakini si cha mtoto huyo. Kuna watoto ambao miili yao hukataa njugu, mayai, samaki au maziwa. Hutoka vipele, huvimba midomo, hutapika au hushindwa kupumua. Mama anayejua jambo hili na asimwambie mlezi amemwachia mtihani bila swali. Na mlezi akiambiwa, asione ni maringo ya watu wa siku hizi. Mtoto akivimba midomo na kupumua kwa shida, apelekwe hospitali saa hiyo hiyo.

Mtoto aliye chini ya mwaka mmoja asipewe asali hata kidogo, kwa sababu inaweza kuwa na mbegu za kiini kinacholegeza misuli ya mtoto hadi ashindwe kunyonya na kupumua. Aliye chini ya miezi sita hahitaji chochote ila maziwa ya mama. Hapa nyanya zetu wengi hukosana na binti zao, kwani wao walilea kwa uji na maji ya glukosi. Mwambie nyanya kwa heshima: "Shosho, daktari amesema tungoje hadi miezi sita." Maneno hayo hayamvunjii heshima.

Halafu kuna kukabwa. Njugu karanga, bisi, peremende na vipande vya smoki vilivyokatwa mviringo vinaweza kuziba koo la mtoto mdogo. Njugu nzima asipewe mtoto wa chini ya miaka mitano. Smoki ikatwe kwa urefu. Mtoto ale akiwa ameketi, si akikimbia kwenye ngazi za ploti. Akikabwa asiweze kulia wala kukohoa, aliye chini ya mwaka mmoja alazwe kifudifudi juu ya mkono wako, kichwa chini, apigwe mara tano mgongoni kati ya mabega, kisha ageuzwe na kubonyezwa kifuani mara tano kwa vidole viwili. Rudia mpaka kitoke, huku mwingine akiita msaada. Usitie kidole kooni ukitafuta usichokiona.

Kumnyima au kumlazimisha?

Tatizo jingine ni la heshima. Katika mila zetu, mtoto akikuta watu wakila, hula. Mama anayesema "mtoto wangu asile kwako" huonekana ana kiburi, ama anashuku kurogwa. Na mlezi anayewapakulia wanawe huku mtoto wa mwenziwe akitazama hujiona mwenye dhambi.

Pande zote mbili zina sababu. Lakini hebu mama atofautishe kati ya "usimpe chakula chako" na "usimpe chakula kilicholala". Sentensi ya kwanza ni matusi. Ya pili ni kanuni inayomlinda kila mtoto wa nyumba hiyo, wakiwemo wa mwenyeji. Vivyo hivyo, kuna wasiokula nguruwe au nyama isiyochinjwa kwa sheria za dini yao. Kusema mapema si kubagua. Ni kumwondolea mwenzako lawama asiyoitafuta.

Mapatano kabla ya siku ya kwanza

Msomaji, mambo mengi yangepungua kama wazazi na walezi wangeketi kwa robo saa kabla ya siku ya kwanza. Yafuatayo yanafaa kuzungumzwa, na ikiwezekana yaandikwe kwenye karatasi na kubandikwa ukutani:

Moja, mtoto atakula chakula cha nani, nacho kitapikwa saa ngapi. Mbili, vyakula gani vinamdhuru au haviruhusiwi. Tatu, maji ya kunywa yatatoka wapi na nani atayachemsha. Nne, mlezi afanye nini akiona chakula kimeharibika: akimwage na kupika kingine? Basi mama aache pesa kidogo ya akiba kwa kazi hiyo. Tano, mama apigiwe simu saa ngapi mtoto akitapika, na asipopatikana nani mwingine apigiwe. Sita, nani atagharimia nauli na hospitali.

Mlezi pia ana haki ya kuuliza. Je, mtoto aliharisha jana usiku? Mama anayeficha jambo hilo kwa kuogopa kukosa kazi anawahatarisha watoto wengine watano ndani ya chumba hicho. Kama ni kituo cha malipo, tazama jikoni kabla ya kutazama bei. Pana sabuni? Nyama mbichi hukatwa kwa kisu kile kile cha matunda? Choo kiko mbali kiasi gani na jiko? Anayepikia watu kwa biashara anatakiwa kisheria kuwa na cheti cha afya, na mzazi ana haki ya kuomba kukiona.

Mtoto akiugua

Siku hiyo ikifika, waacheni kwanza ugomvi. Mtoto anayeharisha hufa kwa kuishiwa maji mwilini. Mpeni maji ya chumvi-sukari ya pakiti (ORS), pakiti iliyoandikiwa lita moja ikorogwe katika lita moja kamili ya maji safi. Aliye chini ya miaka miwili apewe kati ya robo na nusu kikombe baada ya kila choo cha majimaji, na mkubwa kuliko huyo apewe nusu kikombe hadi kikombe kimoja, kidogo kidogo kwa kijiko. Akitapika, ngojeni dakika kumi mwanze tena. Aendelee kunyonya na kula. Tangu 2004, WHO na UNICEF wanapendekeza pia vidonge vya zinki kwa siku 10 hadi 14, miligramu 20 kwa siku, na miligramu 10 kwa wachanga wa chini ya miezi sita. Msimpe dawa za kufunga tumbo.

Mpelekeni hospitali mara moja ikiwa macho yamedidimia, amelegea, hawezi kunywa, anatapika kila kitu, ana damu katika choo, ama ngozi ya tumbo ikivutwa inarudi polepole. Wakazi wa Umoja, Kayole na Komarock wana Hospitali ya Mama Lucy Kibaki karibu. Wahudumu wa afya wa kijamii, ambao serikali iliwapa vifaa vyao kote nchini mwezi wa Septemba 2023, wanaweza kuwaongoza pia. Mjue anayeshughulikia ploti yenu kabla hajahitajika.

Mlezi na amwambie daktari kila alichomlisha mtoto, bila kuficha. Na mama na asikilize bila kufoka, kwani mlezi akijua atatukanwa, safari ijayo atasema uongo, na uongo huo ndio utakaomchelewesha daktari.

Mama wa Eastlands hawezi kulea peke yake, wala mlezi hawezi kubeba lawama peke yake. Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta. Basi leo jioni ukienda kumchukua mtoto, usiondoke mara moja. Keti kidogo, mshukuru mwenzako, kisha mzungumze juu ya kopo lile.